KUANDIKA DHULUMA NI KUTOA USHAHIDI



Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni na kuliwekea mashahidi. Na katika aya inayofuata ametukataza kuuficha ushahidi. Ikiwa deni la fedha halifai kuachwa bila ya kuandikwa, basi je, deni la damu na heshima za watu?

Natutazame nchini mwetu. Kiriaini ni mji mdogo wa milimani, baina ya Murang'a na Nyeri. Katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu wa milima ile walitolewa majumbani mwao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na wengi wakapelekwa kambini. Na kambi hizo hazikuwa mbali nasi watu wa pwani. Manda ilikuwako kambi. Na Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa. Serikali ikatangaza ya kwamba walikufa baada ya kunywa maji!

Wakoloni walipoondoka mwaka 1963 walikuwa wamechoma makaratasi mengi, na mengine wakayachukua Uingereza wakayaficha. Lakini wazee hawakusahau. Mwaka 2009 walifungua kesi London; mwaka 2011 faili zilizofichwa zikajulikana, zikayatia nguvu maneno yao. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri ya kwamba watu waliteswa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, pamoja na gharama za kesi. Baadaye Wakenya na Waingereza wa jumuiya ya Museum of British Colonialism wamezichora upya kwa kompyuta kambi za Mweru na Aguthi huko Nyeri, ambazo sasa ni shule, na kuzihifadhi sauti za wazee.

Ama ndugu zetu Waislamu wa Uighur, huko Xinjiang nchini China, tangu mwaka 2017 walifungwa makambini kwa wingi mno. Mwaka 2018 mtafiti Gene Bunin alianzisha katika intaneti daftari la majina yao, liitwalo Shahit. Na neno hilo kwao ni lile lile letu, shahidi. Kila mtu huandikwa jina lake, na nani aliyetoa khabari zake, na amezijuaje.

Je, hii siyo isnadi tuliyoisoma kwa mashekhe wetu? Lakini leo twapokea picha katika simu, hatuulizi imepigwa wapi wala lini, twaipeleka kwa watu mia, kisha twadhani tumewanusuru ndugu zetu! Sivyo. Picha moja ya uongo humpa dhalimu hoja ya kuzikanusha mia za kweli.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuthibitishe kabla ya kueneza, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 6. Pili, tuandike khabari za wazee waliodhulumiwa kabla hawajafariki: jina, mahali na mwaka, wawe Waislamu au wasiwe, kwani dhuluma ni dhuluma. Tatu, nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, na jina la aliye hatarini lisitiriwe, kwani hilo ni amana.

Tuwaombee dua, na baada ya dua tushike kalamu.

Wabillahi tawfiq.