Kabla hujabonyeza 'tuma': majina ya Turkana

Ekiru ni mvulana, Akiru ni msichana. Wote wawili wamebeba mvua, maana akiru kwa Kiturkana ndiyo mvua, na mtoto aliyezaliwa ikinyesha hupewa jina hilo. Kosea herufi moja kwenye orodha ya basari inayozunguka WhatsApp, dada kawa kaka, na jina halilingani tena na kitambulisho. Lopeyok na Napeyok ni vivyo hivyo: Lo- ya kiume, Na- ya kike. Soma herufi za mwanzo mara mbili. Simu usiiamini, yangu nimeizimia kirekebishi, kimeniaibisha vya kutosha.

Ukisoma Ngaturkana, yaani lugha yenyewe, usiitamke ng ya ngoma. Ni ile ya ng'ombe, ingawa ritifaa haiandikwi. Wanahabari wa redio, mnasikia?

Lokori si Lokichar. Lokori iko Turkana Mashariki; Lokichar iko Turkana Kusini, kwenye visima vya mafuta. Na anayeandika 'Loki' tu humaanisha Lokichoggio, kule karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Ukiagiza mzigo kutoka Lodwar, andika jina zima, la sivyo utausubiri Lokori nao uko njia ya Kakuma.

Hapo Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, usikisie jina la Mdinka wala la Msomali kwa sikio. Mpe simu aliandike mwenyewe.