Fundi Asiye na Mteja: Maswali Kuhusu Misaada ya Kilimo na Ufundi Momela

Ukipita lango la Momela la Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kushuka kuelekea Ngarenanyuki, unaingia upande wa Mlima Meru usiopata mvua nyingi. Kilimo cha huku kinaishi kwa mifereji inayoteremsha maji ya mlimani, na nyanya zake hufika mbali. Misaada ya nje nayo imefika: zahanati, madarasa, visima, karakana za useremala na ushonaji. Wafadhili wakubwa wanapopunguza fedha zao, maswali kuhusu misaada hiyo yameongezeka. Haya ndiyo ya msingi.

Swali: Je, kuna msaada wowote wa kilimo ulioacha kitu cha kudumu katika eneo hili, au ni mabango ya miradi tu?

Upo, tena hauko mbali. Mwaka 1992 kituo cha Afrika cha World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga, kilianza kazi Arusha, jirani na kituo cha serikali cha utafiti wa mazao ya bustani ambacho wakulima hukiita Horti Tengeru. Mwaka 1997 ushirikiano huo ulitoa aina mbili za nyanya, Tanya na Tengeru 97, zenye tunda gumu linalovumilia safari ya tengani kwenda sokoni. Mkulima anayenunua mbegu hizo dukani hahitaji kujua nani alilipia utafiti. Ananunua kwa sababu zinamlipa, na muuzaji anaziagiza tena kwa sababu zinanunuliwa.

Mfano wa pili ni CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, makao yake hapa Arusha. Kwa msaada wa Wajerumani katika miaka ya themanini, wataalamu wake walisanifu mtambo wa biogesi wa kuba unaojengwa kwa matofali, na waashi wa kawaida wakafundishwa kuujenga. Mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani ulipoanza mwaka 2009 kwa fedha za Waholanzi, haukuanza na karatasi tupu, kwa kuwa usanifu ulikuwapo na mafundi walikuwapo. Katika mifano yote miwili naona mambo matatu: taasisi ya Kitanzania yenye watumishi wake, mtu wa kati anayepata riziki kwa kuuza mbegu au ufundi, na mkulima anayelipa kwa hiari. Pale mfadhili alipolipia kuunganisha watatu hao, kazi ilibaki. Alipomlipia mmoja tu, mara nyingi haikubaki.

Swali: Basi kwa nini vijana wengi wanamaliza kozi za ufundi na kukaa bila kazi?

Kwa sababu kilimo na ufundi vimewekwa katika mafungu mawili ya fedha yasiyosalimiana. Mradi wa kilimo huleta bwana shamba, mbegu na semina. Mradi wa ufundi huleta vyerehani, randa na cheti. Haikuwa lazima iwe hivyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Skandinavia, vilikusudiwa kumfundisha mwanakijiji mambo ya kijiji chake, shamba na karakana pamoja. Wazo hilo lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyolifuata.

Angalia jinsi kozi zinavyochaguliwa. Vyerehani ni rahisi kununua, rahisi kupiga picha na rahisi kuhesabu katika ripoti, kwa hiyo ushonaji hufundishwa kila mahali, hata pale ambapo mitumba imeshateka soko la nguo. Wakati huohuo, katika mashamba yaleyale yanayozunguka karakana, pampu zinasimama kwa kukosa mtu wa kubadilisha sili, mabomba ya solo ya kunyunyizia dawa yanavuja, mabomba ya umwagiliaji wa matone yameziba kwa chumvi, na nyanya zinapondeka kwa kukosa kreti nzuri. Hapo kuna wateja wenye fedha, angalau wakati wa mavuno, na wanachokosa ni fundi. Msaada wa ufundi katika eneo la kilimo unapaswa kuanza kwa kuhesabu vilivyoharibika mashambani, kisha kozi zitokane na hesabu hiyo.

Swali: Mkulima wa nyanya anasumbuliwa na wadudu na bei. Fundi atamsaidiaje hapo?

Tuchukue mdudu mwenyewe. Mwaka 2014 kantangaze, yule nondo mdogo wa nyanya aliyetokea Amerika ya Kusini na ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, aliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza, na ni hapahapa Ngarenanyuki. Funza wake hutoboa jani na tunda kutoka ndani, mahali ambapo dawa haifiki vizuri, na sumu zilizozoeleka zikashindwa. Wakulima wengi waliongeza dozi, wakapoteza fedha, na mdudu akazidi kuwa sugu.

Mbinu zinazosaidia ni kuunganisha mambo kadhaa: mitego ya harufu ya kuwanasa madume, kung'oa na kufukia mabaki ya mimea, kubadilisha mazao, na kuotesha miche ndani ya kitalu nyumba chenye neti ya matundu madogo sana. Nusu ya orodha hiyo ni ufundi. Fremu ya kitalu inachomelewa au inaundwa kwa mbao, na neti inakatwa na kushonwa bila kuacha mwanya. Fundi cherehani yuleyule anayekosa wateja wa sare angeweza kupata kazi ya neti za vitalu na mifuko ya mitego, kama kuna aliyemwonyesha vipimo. Bei ya soko ni shida kubwa zaidi, na fundi peke yake hataimaliza. Ila mkulima ambaye nyanya zake hazijapondeka ana siku mbili tatu za kubishana na dalali, na siku hizo zina thamani.

Kuna jambo jingine la Momela linalohitaji fundi na lisilovumilia kuchelewa, nalo ni floraidi. Maji ya eneo hili la volkano yana madini hayo kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto hulipa kwa meno ya kahawia na mifupa iliyopinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambacho kimeshughulikia uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Kichujio cha aina hiyo huchoka, na mkaa lazima ubadilishwe. Mfadhili akigawa vichujio bila kufundisha na kulipia mwanzo wa mtandao wa mafundi wa kuvihudumia, amezipa familia matumaini ya muda mfupi tu.

Swali: Vijana wa Momela wanataka utalii. Kwa nini tuwarudishe shambani?

Hakuna anayepaswa kumrudisha mtu popote. Utalii unalipa, na lango la Momela ndiko wapandaji wa Meru wanakoanzia safari. Taasisi ya Africa Amini Alama, iliyoanzishwa hapa Momela na daktari kutoka Austria, imeweka huduma za afya, shule na mafunzo pamoja na loji ya wageni, na ni busara kutafuta mapato yasiyotegemea hisani peke yake. Lakini mwaka 2020 ulionyesha udhaifu wa kuegemea mgeni: ndege zilisimama kwa sababu ya UVIKO-19, na wapagazi, wapishi na madereva wakakosa riziki kwa mpigo. Walaji wa nyanya Arusha mjini hawakuondoka. Isitoshe, fundi pampu halimi. Anaweza kuhudumia loji asubuhi na mashamba jioni, na ndiyo maana ufundi huu unamfaa kijana asiyetaka jembe.

Swali: Azimio la Arusha lilituonya tusitegemee fedha za nje. Je, si heri misaada ikome kabisa?

Azimio la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha ya nje kuwa msingi wa maendeleo. Halikukataa kila msaada. Na Wameru wana historia yao katika hili: walipohamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki (Engare Nanyuki) mwaka 1951, walichanga fedha zao wenyewe kumpeleka mwakilishi wao, Kirilo Japhet, Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao. Uwezo wa kuchangia jambo wanaloliamini haujawahi kukosekana.

Hata hivyo, kukatwa ghafla kunaumiza. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, athari zilifika hadi kwenye miradi midogo ya vijijini iliyokuwa haijamaliza hatua zake. Njia ninayoiona sahihi ni kugawana kazi. Gharama za kila mwezi, hasa mishahara ya wakufunzi na vifaa vya mazoezi, zitoke ndani. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo zinaweza kukipa kikundi cha mafundi mtaji wa kwanza wa vifaa. Mfadhili alipie kile ambacho kata haiwezi: utafiti wa mbegu na wadudu, mitambo mikubwa, kuwafundisha wakufunzi. Mkulima wa robo eka hawezi kugharimia miaka kumi ya kutafuta nyanya inayostahimili ugonjwa, na kumwambia ajitegemee katika hilo ni kumwonea.

Swali: Kijiji kiulize nini kabla ya kukubali mradi wa mafunzo?

Kiulize nani atamlipa mkufunzi mwaka wa nne, na kitake jina la ofisi na fungu la fedha, ahadi ya mdomo isikubaliwe. Kiulize wakulima wangapi wamesema watalipia huduma hiyo, na kwa bei gani. Kiulize kama mafundi wa mtaani waliojifunza kwa kazi watapimwa na kupewa vyeti kupitia utaratibu wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi, kwa sababu hao ndio walimu wa bei nafuu kuliko wote na mara nyingi miradi huwaruka. Kiulize maji ya karakana na shamba la mazoezi yatatoka mfereji gani, na zamu ya nani itapunguzwa. Miradi mingi huomba pia ardhi ya kujengea, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kugawa ardhi hiyo. Hapo ndipo pa kudai majibu kwa maandishi, kabla ya kura kupigwa.