Injini ya Zamani na Mwendo wa Mbio

1. Njia ya chuma

Watoto, hapa Iga Barrière tumezoea kuona malori. Yapita yakienda Bunia, Mongbwalu au Mahagi, nasi twajua kwa mlio tu kama lori limebeba mzigo mzito. Lakini gari la moshi halipiti kwetu. Njia za chuma zilizokaribia nchi yetu zilikuwa mbili. Upande wa magharibi, reli nyembamba ya Vicicongo ilitoka Aketi ikafika Mungbere mwaka 1937. Kwa miaka mingi sasa treni haifiki huko tena. Upande wa mashariki, reli ya Uganda ilifika Pakwach, penye mto Nile, mwaka 1964. Reli hiyo ni tawi la ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899.

Leo tutasoma habari za injini za zamani zilizotembea juu ya njia za chuma kwa nguvu ya mvuke. Tena tutajua kwa nini injini kongwe huweza kukimbia hata leo, na kwa nini haiachwi ikimbie ipendavyo.

2. Nguvu ya mvuke

Umepata kukaa jikoni mama akipika maharagwe? Maji yakichemka, kifuniko cha sufuria hucheza na kulia. Nani anakisukuma? Ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa sana, zaidi ya mara elfu moja na mia tano. Asipopewa nafasi, mvuke husukuma kwa nguvu.

Injini ya mvuke ni kama sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa pande zote. Sufuria hiyo huitwa boila. Moto huwaka nyuma yake, na mvuke hupita katika bomba mpaka ndani ya silinda. Humo husukuma pistoni mbele na nyuma, na pistoni huzungusha magurudumu kwa vyuma virefu.

Sasa fikiri: ikiwa mvuke huinua kifuniko cha sufuria, boila iliyojaa mvuke ina nguvu gani? Ikiwa chuma chake kimekwisha kwa kutu, kinaweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo kila boila ina kilango cha usalama. Mvuke ukizidi kipimo, kilango hufunguka chenyewe na kuutoa nje.

3. Jitu la Nairobi

Katika mji wa Nairobi kuna nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale vya reli. Ilifunguliwa mwaka 1971. Humo imo injini kubwa yenye namba 5918. Jina lake ni Mount Gelai, yaani mlima Gelai, ulioko kaskazini ya Tanzania. Ni moja ya injini 34 zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki.

Uzito wake ni tani 252. Urefu wake wapita mita 31. Ina magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayozungushwa na mvuke. Katika dunia nzima, hakuna injini za mvuke za reli yenye upana wa mita moja zilizoshinda hizi kwa nguvu. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, penye bahari, mpaka Nairobi, ambako nchi imeinuka zaidi ya mita 1,600.

Injini hizo zilipoacha kazi, karibu zote zilivunjwa. Mbili tu ziliokoka. Baadaye mafundi waliitengeneza Mount Gelai, ikawashwa moto na kuvuta mabehewa tena.

Je, Mount Gelai ina mbio? La. Magurudumu yake ya kuvuta ni madogo, upana wake mita 1.37 tu. Magurudumu madogo ni mazuri kwa mlima na mzigo. Nayo reli ya mita moja, yenye kona nyingi, haifai kwa mwendo wa kasi. Ng'ombe wa kuvuta gari hafanyi mashindano na farasi.

4. Injini za mbio

Kule Uingereza reli ni pana zaidi, na sehemu nyingi zimenyooka. Huko walitengeneza injini zenye magurudumu makubwa, upana wa mita 2 na zaidi. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja tu, injini imekwisha kwenda zaidi ya mita 6.

Mwaka 1934 injini iitwayo Flying Scotsman ilipimwa ikikimbia kilometa 160 kwa saa. Mwaka 1938 nyingine, iitwayo Mallard, ilifika karibu kilometa 203 kwa saa. Hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuishinda hata leo.

Siku hizi Mallard imepumzika katika nyumba ya vitu vya kale. Lakini Flying Scotsman, iliyotengenezwa mwaka 1923, ilirudi kwenye njia kuu mwaka 2016 baada ya kutengenezwa kwa miaka mingi. Tena wako watu waliotamani injini ya aina ambayo zote zilikuwa zimevunjwa. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakaunda mpya kwa mfano wa zamani. Waliiita Tornado, nayo ikamalizika mwaka 2008.

5. Kwa nini wazizuie?

Labda utauliza: ikiwa Flying Scotsman iliweza kilometa 160, kwa nini leo kwa kawaida hairuhusiwi kupita 120?

Sababu ya kwanza ni uzee. Chuma nacho huchoka. Kwa hiyo, baada ya miaka 10 hivi, boila huondolewa na kukaguliwa yote, ndani na nje.

Sababu ya pili ni breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimamia huongezeka mara nne, breki ikiwa ile ile. Mwenye baiskeli ateremkaye mlima ajua jambo hili.

Sababu ya tatu ni vyuma vinavyokwenda na kurudi. Tornado ikienda kilometa 160 kwa saa, magurudumu yake makubwa huzunguka karibu mara 7 katika sekunde moja. Mafuta yakikosekana, vyuma huungua na kuvunjika.

Lakini kwenda polepole nako kuna shida. Njia kuu ina treni nyingi. Injini ya pole huzuia zote zinazoifuata, kama mkokoteni katikati ya barabara. Ndiyo sababu wenye Tornado waliomba ruhusa ya kukimbia zaidi. Katika Aprili 2017 waliijaribu usiku, bila abiria wa kawaida, nayo ikafika kilometa 160 kwa saa.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Aprili 2018, ilichukua abiria kwa mwendo wa kilometa 145 kwa saa. Ilikuwa safari ya kwanza ya namna hiyo. Wote walifurahi. Lakini karibu na mji wa Sandy vyuma vya ndani vinavyoongoza mvuke viliharibika, na injini ikasimama. Safari yake ikaishia hapo.

Wenyewe walifanya nini? Hawakuficha neno, wala hawakuifunga kwa waya ili iendelee. Waliifungua, wakatafuta sababu, wakatengeneza vilivyovunjika. Ndipo ikarudi njiani.

6. Fundisho

Nguvu ni kitu chema, na mbio ni kitu cha kupendeza. Lakini dereva mwema hutazama kwanza breki, mafuta na maji. Vivyo hivyo kwa baiskeli ya baba na kwa lori lipitalo hapa kwetu. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Penye boila, ufa usiozibwa waweza kudai roho za watu.

Maneno ya kufahamu

boila: sufuria kubwa iliyofungwa, ya kuchemshia maji ya injini
silinda: bomba nene ambamo pistoni huenda na kurudi
kukagua: kutazama kwa uangalifu ili kuona kama kitu ni kizima
kutu: uchafu mwekundu unaokula chuma

Maulizo

1. Reli ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka gani?
2. Kilango cha usalama chafanya kazi gani?
3. Kwa nini Mount Gelai ilipewa magurudumu madogo?
4. Taja sababu tatu za kuzuia mbio za injini kongwe.
5. Eleza yaliyoipata Tornado karibu na Sandy.

Hesabu

Gurudumu la Mount Gelai likizunguka mara moja, injini huenda mita 4.3. La Tornado likizunguka mara moja, huenda mita 6.4. Katika kilometa moja, kila gurudumu litazunguka mara ngapi?