Ada ya barabara kwa saa: Je, inaweza kupunguza moshi?

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Mombasa hupitia Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Miji hii ya Makueni huishi kwa barabara, na pia huvuta moshi wake. Malori husimama kando injini zikinguruma, hatua chache kutoka kwa wachuuzi wa matunda. Huko Kitui, mji wa Mwingi nao umekatwa na barabara kuu ya kutoka Thika hadi Garissa.

Moshi wa dizeli si kero ya pua tu. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi huo husababisha saratani. Ndani yake mna chembechembe ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia katika damu. Huchochea pumu, maradhi ya moyo na kiharusi.

Baadhi ya miji ya ng'ambo imejaribu dawa isiyouzwa hospitalini, nayo ni kumtoza dereva kulingana na saa anayoingia mjini. Singapore ilianza mwaka 1975 kutoza magari yaliyoingia katikati ya mji asubuhi. Stockholm, nchini Uswidi, ilifanya majaribio mwaka 2006 na kuuendeleza mpango huo mwaka 2007. Ada hupanda asubuhi na jioni, na usiku hailipwi.

Je, ada hupunguzaje moshi? Gari linalokwenda na kusimama huchoma mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita. Magari machache yakiondoka barabarani, yaliyobaki hupata nafasi ya kwenda. Huko Stockholm, magari yaliyovuka mpaka wa ada yalipungua kwa karibu asilimia 20. Watafiti waliona uchafu wa hewa umepungua kwa kati ya asilimia 5 na 15, na watoto wadogo waliopatwa na mashambulizi ya pumu walipungua pia. Hata hivyo, nafuu hiyo haikuja kwa siku moja. Iliongezeka kadiri muda ulivyopita.

Hapa Kenya, tozo ya matengenezo ya barabara iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 hukatwa katika mafuta. Mnamo Julai 2024 ilipandishwa hadi shilingi 25 kwa lita. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hutoza kulingana na umbali na aina ya gari. Tozo hizi hazimwambii dereva ni saa gani moshi wake unadhuru zaidi.

Lakini hapa pana tahadhari. Mchana jua hupasha ardhi joto, hewa hupanda na moshi hutawanyika. Usiku, hasa kabla ya mapambazuko, hewa baridi hutulia chini na kuushikilia moshi pale pale. Ikiwa ada ya Nairobi itayasukuma malori yasafiri usiku, moshi wake utazikuta Emali na Makindu zimelala. Mji mkuu utapata nafuu huku watoto wa Makueni wakikohoa.

Kwa hiyo, wanaopanga ada waipime hewa ya miji ya njiani, mchana na usiku. Malori yatengewe maegesho mbali na makazi na shule, na gari linalotoa moshi mwingi lilipe zaidi.

Kwa sasa, kila mmoja ana la kufanya:

• Dereva, zima injini unaposimama kula au kupumzika.

• Mchuuzi, kaa upande ambao upepo unatokea, si unakopeleka moshi.

• Mzazi, mtoto akikohoa usiku na kifua kikitoa mlio, mpeleke kliniki mapema.

• Mwenye pumu, usiache dawa ya kuvuta uliyoandikiwa na daktari eti kwa kuwa umepata nafuu.