SOMO LA KIPUPWE: KUWATUNZA SUNGURA, PUNDA NA MBWA MGONJWA



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kipupwe katika Nyanda za Juu Kusini. Huko Njombe na Makete baridi ya usiku huwa kali, na kwenye uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, sakitu huonekana juu ya majani alfajiri. Mkulima huvaa koti na kuota moto jikoni. Mnyama wake hana koti wala jiko. Hutegemea akili ya mwenye kumfuga.

Somo hili linahusu wanyama watatu ambao husahauliwa kwa sababu mazao yao hayapiti katika mizani ya chama: sungura anayewapatia watoto kitoweo, punda anayebeba mbolea na viazi, na mbwa anayelinda nyumba na ghala. Jambo moja likumbukwe tangu mwanzo hadi mwisho: ni nadra baridi peke yake kumwua mnyama mzima aliyeshiba na aliye mkavu. Maadui wakubwa ni unyevu, upepo na njaa.

1. Hasara iliyonifundisha

Mwandishi wa somo hili alijifunza hayo kwa hasara. Mwaka mmoja, ilipoingia Julai, nilikuwa na sungura tisa. Kwa kuwaonea huruma nililifunika banda lao kwa nailoni pande zote nne, pasibaki hata tundu. Asubuhi matone ya maji yalining'inia ndani ya nailoni, na harufu ya mkojo iliniwasha macho. Nilidhani joto hilo ni jema. Haikupita wiki mbili wakaanza kupiga chafya na kutokwa na makamasi, na watano wakafa.

Sungura wa jirani yangu, waliokaa katika banda lililo wazi upande mmoja, walipita kipupwe kizima salama. Bwana mifugo alinieleza kwamba hewa kali ya mkojo, iitwayo amonia, huchubua pua na mapafu ya sungura, na hapo ndipo ugonjwa wa mafua hupata njia. Sikuwaua kwa baridi. Niliwaua kwa kuwanyima hewa.

2. Sungura

Sungura mzima huvumilia baridi kuliko joto kali. Banda lake liinuliwe kutoka ardhini, liezekwe vizuri, na lizibwe upande upepo utokako. Katika miezi hii upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo upande ulio wazi uelekee kaskazini. Faida yake ni mbili, kwani mwezi Juni na Julai jua nalo hupita upande wa kaskazini mwa nchi yetu, na miale yake itaingia bandani na kukausha sakafu. Majani ya kulalia yaliyolowa yaondolewe kila siku.

Majani mabichi yenye umande yasitolewe papo hapo. Yakatwe jioni iliyotangulia, yaanikwe chini ya paa yanyauke, ndipo yaliwe. Nyasi kavu safi ziwepo wakati wote. Majani ya viazi mviringo yasitumike kamwe, kwa kuwa yana sumu.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwa sungura mwenye mimba. Mimba huchukua siku 31 hivi. Siku ya 27 au 28 awekewe sanduku la kuzalia lenye majani makavu mengi; yeye mwenyewe atanyonyoa manyoya ya tumbo lake na kutandika kiota. Watoto huzaliwa uchi na wakiwa wamefumba macho, ambayo hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Siku hizo za mwanzo ndizo za hatari. Mama huwanyonyesha mara moja tu au mbili kwa siku, kwa dakika chache. Kwa hiyo asidhaniwe kuwa amewatupa. Lakini mtoto akitoka nje ya kiota mama hambebi kwa mdomo kama afanyavyo paka. Kiota kikaguliwe kila asubuhi. Mtoto aliyepoa asihesabiwe kuwa amekufa: apashwe joto polepole katika viganja vya mikono, kisha arudishwe kwa wenzake.

3. Punda

Wilayani Makete matumizi ya punda yalihimizwa na mradi wa usafiri vijijini ulioanza mwaka 1985, ili mizigo ishuke kutoka vichwani mwa akina mama. Punda ni mvumilivu, na uvumilivu huo humponza, kwa kuwa haonyeshi maumivu upesi.

Asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Katika nchi za Ulaya farasi aliyezoea huweza kushinda nje wakati wa baridi. Punda aliyelowa manyunyu na kupigwa na upepo hudhoofika mapema. Ajengewe banda la kuta tatu, lenye paa lisilovuja na sakafu iliyoinuka isituamishe maji.

Chakula cha namna ya nyasi kavu na mabua kinaposagika tumboni hutoa joto. Kwa hiyo usiku wa baridi huongezwa nyasi na mabua, si pumba nyingi. Mabua yenye ukungu yatupwe. Maji ya kunywa yasiwe ya baridi kali, kwani punda huyasita, na asipokunywa vya kutosha chakula huweza kukwama tumboni. Maji vuguvugu asubuhi na jioni yatamsaidia.

Kila jioni matope yaondolewe kwenye kwato. Harufu mbaya humo ni dalili ya kuoza. Tandiko lililolowa lisiwekwe mgongoni, kwa maana hapo ndipo vidonda huanzia. Mzigo wa mgongoni kwa punda wetu wengi usizidi kilo 50.

Punda akikataa chakula kutwa nzima, lisingojwe lililo zaidi. Mafuta ya mwili wake huweza kumwagika katika damu na kumwua kwa siku chache, hasa akiwa mnene au mwenye mimba. Aitwe bwana mifugo siku hiyo hiyo. Aliyepoteza punda Julai atabeba mbolea kichwani Novemba.

4. Mbwa mgonjwa

Kwa mbwa aliyebadilika, swali la kwanza si dawa bali usalama wa watu. Je, amekuwa mkali ghafla, au mpole kupita desturi? Je, sauti yake imegeuka, anadondosha mate, anapepesuka, au hawezi kumeza? Hizo huweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Mtu asitie mkono kinywani akidhani mfupa umekwama. Mbwa afungiwe peke yake iwapo hilo linawezekana bila kumshika, na bwana mifugo apewe habari mara moja. Aliyeumwa au kulambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea mtu, takriban hakuna anayepona.

Ikiwa bwana mifugo amethibitisha kwamba ni uzee, viungo kukakamaa au udhaifu wa mwili, basi utunzaji huanza. Asilale juu ya saruji. Gunia lililojazwa majani makavu, likiinuliwa juu ya mbao mahali pasipo upepo, lamtosha. Apewe uji mzito wenye dagaa au nyama, vuguvugu, kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwani huvunjika vipande vikali. Dawa za maumivu za binadamu ni hatari kwake, hata kama kidonge ni kimoja. Mchana atembezwe kidogo juani.

Siku ikifika ambapo hawezi kusimama, hali, na analia kwa maumivu, si haki kumfukuza afie porini. Mbwa aliyelinda ghala la chama miaka mingi anastahili kupumzishwa na bwana mifugo bila mateso.

5. Kazi ya katibu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu afungue ukurasa wa mifugo hii: waliopo, waliozaliwa, waliokufa, na sababu. Kabla ya Juni wanachama wakate na kukausha nyasi kwa pamoja. Chama kimwombe bwana mifugo siku moja ya kuchanja mbwa wote wa kijiji, na chanjo irudiwe kila mwaka. Chakula na matibabu ya mbwa wa ghala yaingizwe katika makisio ya matumizi na kupitishwa na mkutano, yasiwe sadaka ya mlinzi kutoka mfukoni mwake.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano

1. Kwa nini banda lililozibwa pande zote ni baya kuliko lililo wazi upande mmoja?
2. Je, punda wa kijiji chetu wanalala wapi mvua ya manyunyu inaponyesha?
3. Mbwa wetu walichanjwa lini mara ya mwisho, na ni nani anayetunza kumbukumbu hiyo?