Mlio wa chuma chini ya gari

Barabara ya udongo ya Lulimba kwenda Fizi na Baraka inalegeza vyuma vya gari. Mlio ukianza, msiuzoee. Shoferi ajiulize: unalia wakati gani?

Ukilia kwenye mashimo tu, toeni kwanza jeki, spana na vyombo vya nyuma. Mara nyingi ni hivyo tu. Kisha aangalie springi. Ukiongezeka kwa mwendo wa gurudumu, asimame papo hapo akaze nati. Ukinyamaza anapokanyaga breki, fundi afungue breki.

Lakini ukilia hata gari likiwa limesimama, injini ikiwaka, huo unatuhusu sisi wa dispanseri. Injini izimwe, bomba la moshi lipoe, kisha alitikise kwa mkono. Asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Ufa, au masizi kwenye maungio, ni dalili kwamba moshi unavuja. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, nayo inang'ang'ania damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kupita oksijeni. Nasi kwa kuogopa vumbi tunafunga vioo na kushusha turubai!

Abiria wakiumwa kichwa pamoja, wakiona kizunguzungu na kichefuchefu, msikimbilie kusema ni malaria. Simamisheni gari, zimeni injini, watoeni wote kwenye hewa safi, kisha wapelekwe kwa muganga kwa gari lingine. Mama mwenye mimba aende wa kwanza, hata akijisikia vizuri. Maziwa hayaondoi sumu hii.