Mto Tana Kati ya Bwawa na Shamba: Taasisi za Umma, Uhandisi wa Maji na Lugha ya Tahadhari

Utangulizi

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini Kenya. Chimbuko lake ni safu za Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, nao husafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Nyanda za juu unakoanzia hupata mvua nyingi, ilhali nchi inayoanzia Garissa kuelekea Hola na Garsen ni kame. Mkaazi wa huko chini huishi kwa maji yaliyonyesha kwingine. Anaweza kupatwa na mafuriko hali anga juu ya kijiji chake ni nyeupe, na anaweza kukosa maji ilhali Murang'a na Nyeri kunanyesha.

Kutokana na umbali huo kati ya mvua na mtumiaji, taasisi za umma zimepewa jukumu la kusimama katikati: kuhifadhi maji, kuyapima, kuyagawa na kuonya yanapozidi. Makala haya yanachunguza namna jukumu hilo linavyotekelezwa katika Mto Tana, ukinzani uliomo ndani yake, na nafasi ya lugha katika kuokoa au kupoteza maisha. Hoja kuu ni kwamba usimamizi wa mto haukamiliki kwenye ukuta wa bwawa. Hukamilika pale mkulima anapoelewa kwa wakati ufaao kinachomjia.

Mto na mkono wa binadamu

Uhandisi wa maji katika Mto Tana haukuanza na serikali ya kisasa. Katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Witu, mfereji wa Belazoni ulichimbwa ili kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi na kurahisisha safari za mitumbwi. Mafuriko ya baadaye yaliupanua mfereji huo hivi kwamba mto wenyewe ukaacha njia yake ya zamani na kufuata ile iliyochimbwa. Ndiyo sababu leo maji mengi ya Tana hutokea Kipini. Waliochimba walikusudia njia ya vyombo. Walichopata ni mto mpya. Tukio hili linadhihirisha kanuni ambayo kila mhandisi wa maji hukumbana nayo: mto hupokea badiliko dogo na kulirudisha likiwa kubwa.

Baada ya uhuru, kazi hii ilichukuliwa na taasisi za taifa. Katika eneo linaloitwa Seven Forks yalijengwa mabwawa matano yanayofuatana: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo lililo juu zaidi mtoni na ndilo ghala kuu, kwani lilikusudiwa kuhifadhi mita za ujazo za maji zipatazo milioni 1,560. Maji yale yale yanayotoka Masinga huzungusha mitambo ya umeme katika kila bwawa linalofuata. Kwa hivyo, uamuzi unaofanywa Masinga huathiri mabwawa yote yaliyo chini yake, pamoja na mashamba yaliyo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Ukinzani wa malengo

Swali la msingi ni hili: bwawa linapaswa kuwa limejaa au tupu? Mzalishaji wa umeme hutaka lijae, maadamu maji yaliyohifadhiwa ni nguvu ya kiangazi kijacho. Anayezuia mafuriko hutaka liwe na nafasi ya kupokea mvua inayokuja. Mkulima wa mpunga huhitaji maji kwa kipimo na kwa majira. Bwawa moja haliwezi kuwaridhisha wote hawa kwa siku moja.

Masinga huhesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika kimo cha mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari. Likiisha kujaa, kinachoingia hakina budi kutoka. Hapo bwawa halipunguzi tena mafuriko kama lilivyofanya lilipokuwa na nafasi. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua za masika za 2018 na 2024, ambapo wakaazi wa Garissa na Tana River walihama makwao. Mnamo Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu karibu na mji wa Garissa, mahali ambapo barabara ilikuwa imefunikwa na maji, ilizama na kuua abiria kadhaa.

Hata hivyo, ni kosa kudai kwamba kila mafuriko hutoka kwenye mabwawa. Mito kama Mutonga na Kathita, itokayo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, huingia Tana chini ya Kiambere. Maji yake hayapiti katika bwawa lolote kati ya hayo matano. Aidha, malaga ya nchi kame hufurika kwa ghafla mvua inyeshapo. Mkaazi anayelaumu bwawa na mhandisi anayelaumu mvua huenda kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli.

Fauka ya hayo, kuna upande wa pili ambao aghalabu husahaulika. Si kila mafuriko ni maafa. Kwa vizazi vingi, Wapokomo wamelima kingo na mabonde yanayorutubishwa na mafuriko ya kawaida, nao Waorma wamepeleka mifugo kwenye malisho yanayobaki kijani maji yakipungua. Mafuriko madogo yanapozuiliwa, mashamba hukosa rutuba na malisho hupungua. Yale makubwa, ambayo bwawa haliyawezi, huja vilevile. Hivyo mkaazi wa chini huweza kupoteza faida ya mto akabaki na hasara yake. Mashindano ya ardhi na maji yalitajwa miongoni mwa sababu za mapigano yaliyozuka katika delta mwaka wa 2012 na 2013.

Taasisi nyingi, mto mmoja

Usimamizi wa Tana umegawanywa kati ya taasisi kadhaa. Mamlaka ya Ustawishaji wa Mito ya Tana na Athi ilitokana na sheria ya 1974, na ndiyo iliyojenga Masinga. Kampuni ya KenGen, ambayo serikali inamiliki hisa zake nyingi, huendesha mitambo ya umeme. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, hupima mito na kutoa vibali vya kutumia maji. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutabiri mvua. Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji husimamia miradi kama ile ya Bura na Hola. Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, ndizo zilizo karibu na wananchi maafa yanapotokea.

Mgawanyo huu una mantiki, kwa kuwa kila kazi huhitaji utaalamu wake. Tatizo huzuka mahali kazi mbili zinapokutana. Anayejua kiasi cha maji kilichoachiliwa si anayejua idadi ya watu walio bondeni, na anayewajua watu hana kipimo cha maji. Isitoshe, mashamba ya nyanda za juu yasipohifadhiwa, udongo huchukuliwa na mito hadi Masinga na kupunguza nafasi ya maji. Jembe la Murang'a, basi, ni sehemu ya uhandisi wa Garissa.

Lugha ya tahadhari

Maji kutoka Masinga huchukua siku kadhaa kufika Tana ya chini. Siku hizo ni fursa: maafa ya aina hii hutangulia kubisha hodi. Hata hivyo, fursa hiyo hupotea ikiwa ujumbe haueleweki.

Ugumu wa kwanza ni wa istilahi. Katika mazungumzo ya kawaida, neno “bwawa” hubeba maana ya ukuta na pia ya maji yaliyozuiliwa nao. Kauli “bwawa limefurika” yaweza kumaanisha kwamba maji yamepita kimo chake na yanatoka kwa njia iliyotengenezwa. Msikilizaji aliyejawa na hofu huielewa kuwa ukuta umepasuka. Hali hizi mbili hudai hatua tofauti. Kupambanua “kufurika”, “kufunguliwa” na “kupasuka” si pambo la kisarufi. Ni suala la uhai.

Ugumu wa pili ni wa vipimo. Zilinganishwe taarifa mbili za kubuni. Ya kwanza: “Kimo cha Masinga kimepita mita 1,056.5, wakaazi wa maeneo ya chini watahadhari.” Ya pili: “Maji mengi yanatoka Masinga. Yatafika Garissa baada ya siku tatu. Wanaolima kingoni wahamishe mifugo na pampu kabla ya Ijumaa, waelekee penye mwinuko.” Taarifa ya kwanza ni ya kweli lakini humwachia mkulima kazi ya mhandisi. Ya pili inataja mahali, wakati na tendo. Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kile kilicho nusu mita kwenye kipimo cha bwawa chaweza kuwa nyumba nzima kwa aliye bondeni.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, hati za kitaalamu kuhusu maji huandikwa zaidi kwa Kiingereza, na tafsiri hufanywa kwa haraka wakati maji yamekwisha kufika. Aidha, katika Tana ya chini wapo wazee ambao Kipokomo, Kiorma au Kisomali ndiyo lugha wanayoitegemea. Kiswahili hapo hakina budi kuwa daraja la kufikia lugha hizo, wala kisiwe kituo cha mwisho.

Hitimisho

Imebainika kwamba kusimamia mto ni kuchagua kati ya mahitaji yanayopingana, na kwamba gharama ya uchaguzi huo hubebwa zaidi na walio chini ya mkondo. Taasisi za umma haziwezi kuondoa ukinzani huo, ila zinaweza kuutangaza mapema na kwa uwazi. Wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu: kusanifu istilahi za maji pamoja na wahandisi wakati wa kiangazi, kuandaa taarifa za mfano, na kuzijaribu kwa wanavijiji wenyewe kabla ya masika. Neno lililokosewa darasani husahihishwa kwa wino mwekundu. Lililokosewa ukingoni mwa Tana halina msahihishaji.